Kidirisha cha ufunguo wa siri kisichokoma: mwongozo kamili wa kukituliza

Umefungua tovuti uliyoizoea miaka nenda rudi. Jina umeshaandika, vidole viko tayari kuandika nenosiri, mara kidirisha kinaruka katikati ya skrini na kutaka ufunguo wa siri. Unakifunga. Kinarudi. Unakifunga tena, safari hii kinaleta msimbo wa QR na kukutaka uuskani kwa simu, na simu yenyewe ndiyo hiyo unayotumia kuingia.

Kero hii ina dawa, ila si dawa moja. Wengi hukwama kwa sababu hutafuta swichi moja ya kuzima kila kitu, na swichi hiyo haipo. Anayekuuliza anaweza kuwa tovuti, kivinjari, simu au kompyuta yenyewe, au programu ya kutunza manenosiri, na kila mmoja huzimwa mahali pake. Ukizima kwa asiyehusika, utahangaika siku nzima na kidirisha kitakuwa pale pale.

Kwanza, ni kitu gani hiki

Ufunguo wa siri, ambao kwenye skrini za Kiingereza utauona kwa jina la passkey, ni jozi ya funguo mbili za kihesabu. Mmoja hukaa kwenye seva ya tovuti, na hata ukiibwa haumfai mwizi. Wa pili hukaa kwako: ndani ya simu, kompyuta, au programu inayotunza manenosiri yako. Ukitaka kuingia, tovuti hutuma fumbo, kifaa chako hulitia saini kwa ule ufunguo wa pili, basi umeingia. Alama ya kidole, uso au PIN unayoombwa ni ya kukifungua kifaa tu. Haitumwi kwenye tovuti. Tena kila ufunguo umefungwa kwa anwani ya tovuti yake, kwa hiyo tovuti bandia yenye sura ile ile haiwezi kukulaghai uutumie kwake. Kama teknolojia, ni nzuri. Kinachochosha watu ni namna inavyosukumwa.

Msukumo huo una historia fupi. Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitaieneza njia hii, na Septemba mwaka huo iPhone zikaanza kuitumia kupitia iOS 16. Oktoba 2023 Google iliifanya kuwa chaguo la kwanza kwa akaunti za watu binafsi. Mei 2025 Microsoft ikaamua kwamba akaunti mpya zifunguliwe bila nenosiri kabisa. Tovuti nyingine zimefuata, na kila moja ina namna yake ya kubembeleza.

Sasa, neno la kukutoa wasiwasi: kukataa hakuna madhara. Ukibonyeza Ghairi, akaunti haifungwi, hakuna alama mbaya unayowekewa, na nenosiri lako linaendelea kufanya kazi kama jana. Kuna hata jambo la kuchekesha hapa. Kanuni za WebAuthn, yaani mfumo unaoendesha vidirisha hivi, zimetungwa kwa makusudi ili tovuti ipate jibu lile lile la hitilafu ukighairi, muda ukiisha, au ukiwa huna ufunguo kabisa. Ni kwa ajili ya faragha yako, tovuti isijue ulicho nacho na usicho nacho. Lakini matokeo yake ni kwamba tovuti haijui kama umekataa au hukuona, basi kesho inauliza tena.

Mtambue anayeuliza

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kitazame kidirisha kwa makini mara moja.

Kama maneno yana rangi na nembo za tovuti, na yanasogea pamoja na ukurasa unapoupandisha na kuushusha, anayeuliza ni tovuti yenyewe. Mara nyingi huja baada ya kuingia, yakikuahidi kwamba safari ijayo utaingia haraka zaidi.

Kama kinaning'inia kutoka kwenye upau wa anwani, au ni orodha ndogo inayoshuka chini ya kisanduku cha kuandikia jina, huyo ni kivinjari.

Kama kimepanda kutoka chini ya skrini ya simu na kila kilicho nyuma yake kimefifia, au kwenye kompyuta ni dirisha linalojitegemea lenye sura ya Windows, huo ni mfumo wa kifaa.

Kama kina nembo ya programu ya kutunza manenosiri, yaani Bitwarden, 1Password au mwenzao yeyote, jibu unalo.

Halafu kuna cha tano ambacho si ufunguo wa siri kabisa ingawa watu wengi hukichanganya nao: kile kijidirisha cha kona ya juu kulia kinachokutaka uingie kwa akaunti yako ya Google kwenye tovuti isiyo ya Google. Hicho nitakirudia.

Ukiwa bado una shaka, fungua tovuti ile ile kwenye kivinjari kingine, kwenye kifaa kile kile. Ombi likija na sura nyingine, kivinjari cha kwanza au kiendelezi chake (programu ndogo iliyoongezwa ndani ya kivinjari) kina mkono. Kisha rudi kwenye kivinjari cha kwanza, zima viendelezi vyote, jaribu tena. Ni kazi ya dakika mbili na itakuokolea saa nzima.

Kupita leo, sasa hivi

Huenda huna muda wa mipangilio. Unataka kuingia tu. Fanya hivi:

1. Bonyeza Ghairi, au kitufe cha Esc kwenye kompyuta. Kwenye Windows huenda ukalazimika kughairi mara mbili, dirisha la Windows kwanza, kisha la kivinjari lililokuwa nyuma yake.
2. Usionyeshe upya ukurasa. Ukifanya hivyo, ombi linaanza upya. Tafuta kwenye ukurasa kiungo cha kujaribu njia nyingine au kutumia nenosiri. Mara nyingi kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kitufe kikubwa, na sidhani kama ni bahati mbaya.
3. Kama ombi huja pale unapobofya kisanduku cha jina, usichague chochote kwenye orodha inayoshuka. Andika jina lako hadi mwisho kwa mkono, kisha bonyeza Enter.
4. Usikubali kuunda ufunguo ili tu kidirisha kiondoke. Hapo ndipo matatizo ya watu wengi yanapoanzia: ukishaunda, kuanzia siku hiyo tovuti itaanza na ufunguo kabla ya nenosiri.

Kuzima kwenye tovuti

Google ina swichi rasmi. Ingia kwenye ukurasa wa akaunti yako, sehemu ya Usalama, na pale panapoelezwa namna unavyoingia utakuta kipengele cha kuruka nenosiri inapowezekana. Kizime. Tangu hapo utaanza kuombwa nenosiri, na ufunguo, kama unao, utabaki kuwa njia ya akiba.

Tovuti nyingi nyingine hazina swichi kama hiyo. Huko njia iliyopo ni kufuta ufunguo uliokwisha kuusajili, ili isiwepo sababu ya kukuuliza. Amazon huuweka kwenye sehemu ya kuingia na usalama. GitHub kwenye ukurasa wa nenosiri na uthibitishaji. WhatsApp ndani ya Mipangilio, sehemu ya Akaunti. Microsoft kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti, penye orodha ya njia za kuthibitisha kwamba ni wewe. Ila subiri kidogo kabla ya kufuta. Kuna utaratibu wake, na nimeueleza chini.

Kwa zile zinazobembeleza uunde ufunguo kila ukiingia, angalia kama kuna chaguo la kutouliza tena, na ulibonyeze hilo badala ya alama ya kufunga. Alama ya X kwa tovuti nyingi maana yake ni "si sasa", siyo "sitaki". Na hapa kuna mtego: jibu lako mara nyingi huhifadhiwa kwenye vidakuzi vya kivinjari, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha humo ili ikukumbuke. Kama umekipanga kivinjari kifute vidakuzi kila unapokifunga, au unapenda kutumia hali fiche (incognito), tovuti inakusahau kila siku na kukuuliza kama mgeni. Suluhisho ni kuiruhusu tovuti hiyo moja ihifadhi vidakuzi vyake. Kwenye Chrome na Firefox unaweza kuiweka kwenye orodha ya tovuti zisizoguswa na ufutaji.

Akaunti ya kazini au ya chuo ni habari nyingine. Huko msimamizi wa mifumo anaweza kuwa ndiye aliyewasha ombi kwa watu wote, na hakuna swichi yako itakayomshinda. Mwandikie, umwambie ni kidirisha gani na kinatokea wapi.

Kuzima kwenye kivinjari

Chrome: fungua Mipangilio, nenda kwenye kujaza kiotomatiki na manenosiri, ingia kwenye Kidhibiti cha Manenosiri cha Google, kisha mipangilio yake. Kuna vitu viwili vya kutazama. Kimoja ni kile kinachoiruhusu Chrome iunde ufunguo wa siri yenyewe, bila kukuuliza, pale unapoingia kwa nenosiri ulilolihifadhi humo. Kiliingia kwenye Chrome za kompyuta mwaka 2025, na ndicho kinachowafanya watu waseme "mimi sikuwahi kuunda ufunguo wowote, umetoka wapi?" Kizime. Cha pili ni pendekezo la kuhifadhi manenosiri na funguo za siri. Hiki kifikirie mara mbili, kwa sababu ukikizima, Chrome haitapendekeza kuhifadhi hata manenosiri ya kawaida.

Firefox ndiyo inayotoa uhuru zaidi, kwa anayethubutu. Andika about:config kwenye upau wa anwani, kubali onyo, kisha tafuta security.webauthn.enable_conditional_mediation na ukibadilishe kuwa false. Hiki huondoa yale mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku cha jina, lakini ukiutaka ufunguo mwenyewe kwa kubofya kitufe chake, unafanya kazi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo sawa.

Kuna kingine kikali zaidi, security.webauth.webauthn, ambacho ukikiweka false huzima mfumo mzima. Vidirisha vyote vitakufa, ndiyo, lakini pamoja navyo funguo za usalama za kuchomeka kwenye USB, na njia yoyote ya kuingia inayotegemea mfumo huo. Sikishauri, isipokuwa kwa muda, wakati unatafuta chanzo. Ukikizima, kiandike mahali. Miezi sita baadaye utashangaa kwa nini tovuti fulani haikutambui, na hutakumbuka kwamba kitanzi ulijifunga mwenyewe.

Safari haina mengi ya kwake. Inategemea mipangilio ya iPhone au Mac.

Kuhusu kile kijidirisha cha kona kinachotaka uingie kwa Google: kwenye Chrome nenda Mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, mipangilio zaidi ya maudhui, kisha sehemu inayohusu kuingia kupitia huduma za watu wengine. Zuia. Kwenye akaunti yako ya Google pia, katika ukurasa wa programu na huduma ulizoziunganisha, kuna swichi ya maombi hayo. Izime nayo ili yanyamaze kotekote, si kwenye Chrome peke yake.

Kuzima kwenye simu na kompyuta

Majina ya menyu hubadilika kutoka toleo hadi toleo na kutoka kwa mtengenezaji hadi mwingine, kwa hiyo njia ya mkato ni hii: fungua Mipangilio, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika "funguo za siri", au "passkey" kama simu yako iko kwa Kiingereza. Utapelekwa karibu kabisa na unapopatafuta.

Kwenye Android 14 na kuendelea kuna sehemu ya manenosiri, funguo za siri na akaunti. Humo unachagua programu itakayotunza vitu hivyo, na nyingine za ziada. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 18, kuna kipengele kinachopandisha manenosiri yako kuwa funguo za siri kimya kimya tovuti inaporuhusu. Kimo kwenye mipangilio ya programu ya Passwords, na kukizima huzuia funguo mpya kuzaliwa bila habari yako. Vilivyokwisha kuhifadhiwa havifutiki kwa kuzima.

Windows 11 ina orodha yake ndani ya Mipangilio, Akaunti, funguo za siri. Pale utaona kila ufunguo uliohifadhiwa kwenye kompyuta hiyo pamoja na tovuti yake, na unaweza kuufuta. Nimewahi kuona ushauri wa kuondoa PIN ya Windows ili vidirisha vikome. Usifanye hivyo. Utakuwa umeng'oa kufuli la nyumba kwa sababu kengele inapiga kelele.

Sasa nije kwenye chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote: mafahali wawili zizi moja. Mtu ana Bitwarden kama kiendelezi, na Chrome nayo inatunza manenosiri, na Windows nayo inajipendekeza. Tovuti ikiomba ufunguo, wote watatu wanakimbilia mlangoni. Unaghairi cha kwanza, kinatokea cha pili, unadhani ni kile kile kimerudi. Chagua mtunzaji mmoja. Kama ni kiendelezi, basi nyamazisha mapendekezo ya kivinjari. Kama ni kivinjari, basi fungua mipangilio ya kiendelezi: kwenye Bitwarden ondoa alama kwenye chaguo la kuuliza kuhifadhi na kutumia funguo za siri, lililo katika sehemu ya arifa, kwenye 1Password chaguo kama hilo liko katika sehemu ya kujaza na kuhifadhi. Bitwarden pia ina orodha ya tovuti zilizotengwa, nzuri kama kero ni ya tovuti moja tu.

Kufuta ufunguo bila kujifungia nje

Ufunguo uko sehemu mbili, kwenye tovuti na kwenye kifaa, na kufuta upande mmoja hakufuti wa pili. Hili nililijua kwa nadharia. Siku moja, kwa haraka, nilifuta ufunguo kwenye simu kwanza. Duka la mtandaoni lililohusika halikuwa na habari. Kwake ufunguo wangu ulikuwa bado hai, basi kila nilipoandika barua pepe yangu lilinitaka niulete. Simu ikasema haina. Kiungo cha nenosiri kilikuwa kimefichwa nyuma ya vibofyo vitatu, na nilikifikia baada ya kuliacha jambo hilo na kulirudia kesho yake.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha nenosiri lako linafanya kazi. Si kwa kukumbuka, kwa kulijaribu: ingia kwenye dirisha la hali fiche ukitumia nenosiri peke yake. Kama umelisahau, au hukuwahi kuwa nalo, liweke upya kwanza.
2. Hakikisha barua pepe na namba ya simu ya kurejesha akaunti ni zile unazozitumia leo.
3. Ukiwa umeingia, futa ufunguo kwenye ukurasa wa usalama wa tovuti.
4. Toka, ingia tena kwa nenosiri. Kidirisha kisipokuja, endelea. Kikija na kukupa ufunguo ambao tovuti inaukataa, ni mabaki yaliyo kwenye kifaa, na hatua inayofuata itayaondoa.
5. Sasa futa kwenye kifaa au kwenye programu inayotunza manenosiri. Kama inasawazisha kati ya vifaa, utatoweka kwenye vyote.

Kuna funguo zinazogoma kufutika. Ukiingia na akaunti ya Google kwenye simu ya Android, simu hujiundia ufunguo wa akaunti hiyo yenyewe, na kwenye orodha ya Google utauona umewekwa kando kama ulioundwa na kifaa. Huo huondoka kwa kuiondoa akaunti kwenye simu hiyo. Kwa simu unayoitumia kila siku, uache tu na uzime ile swichi ya kuruka nenosiri.

Msimbo wa QR, na maombi yasiyotoka kwako

Msimbo wa QR ukitokea maana yake ni moja: kifaa ulichokishika hakina ufunguo wa tovuti hiyo, kwa hiyo kinauliza kama ufunguo huo uko kwenye kifaa kingine. Kama huna popote, ghairi. Kama unao kwenye simu na unaingia kupitia kompyuta, uskani kwa kamera, lakini Bluetooth iwe imewashwa kwenye vyote viwili. Hakuna kuoanisha vifaa. Bluetooth hapa kazi yake ni kuthibitisha kwamba viko karibu, ili mtu wa mbali asikutumie msimbo wake ukamfungulia akaunti yako. Watu wengi husema msimbo haufanyi kazi, kumbe ni Bluetooth tu imezimwa. Hata kwa kinga hiyo, usiskani msimbo wa kuingia uliotumiwa na mtu mwingine. Si kila msimbo wa QR ni wa ufunguo wa siri, na mingine haina ulinzi huo.

Tofautisha pia na arifa inayokuja simu ikiwa mezani, wewe hufanyi lolote, inauliza kama ni wewe unayeingia. Huo si ufunguo wa siri. Ombi la ufunguo huanzia kwenye ukurasa uliofunguliwa mbele yako; haliwezi kurushwa tu kwenye simu yako kutoka mbali. Arifa kama hiyo inaelekea ni mtu mwenye nenosiri lako anayegonga mlango. Kataa, kisha ubadilishe nenosiri hilo siku hiyo hiyo.

Mimi mwenyewe sijafuta zote. Barua pepe yangu kuu nimeiachia ufunguo, kwa sababu ndiyo inayorejesha akaunti nyingine zote na sitaki mtu aipate kwa ukurasa bandia. Nilichozima ni kule kwingine: maduka, majukwaa, tovuti ninazoziingia mara mbili kwa mwaka.

Na kompyuta ya watu wengi, iwe ya maktaba, ya ofisi au ya rafiki, usihifadhi ufunguo humo hata ukibembelezwa vipi. Yeyote mwenye PIN ya kompyuta hiyo ataweza kuutumia. Kama tayari ulikubali bila kukusudia, huna haja ya kuirudia. Ingia kwenye akaunti kupitia simu yako, fungua ukurasa wa usalama, tafuta ufunguo kwa jina la kifaa au tarehe ulipoundwa, uufute hapo. Ule uliobaki kwenye kompyuta hautafungua kitu tena.